Mstari wa Kijani

Nina tabia moja ambayo mama yangu alishindwa kuniondolea kwa maneno na kwa makofi: nikiona mtu anafanya jambo nisilolielewa, siwezi kwenda zangu. Nitasimama nimtazame mpaka nijue. Nikiwa mdogo, sokoni Bukavu, mama aliniacha nyuma zaidi ya mara moja kwa sababu nilikuwa nimeganda mbele ya fundi anayeziba sufuria. Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya, miaka ya mwisho ya tisini, nikae siku tatu katika ukumbi wa shule moja huko Glenwood, mjini Durban, nikimkodolea macho msichana mmoja huku wenzake wakipita mbele yangu kana kwamba hawapo.

Wakati huo nilikuwa msusi. Nilisuka nywele katika saluni ya Wakongo wenzangu, nimesimama tangu asubuhi, na jioni vidole viliuma hata kushika kijiko. Lakini kabla ya saluni, kabla ya vita, nilikuwa mchezaji. Nilichezea klabu moja ya Bukavu mpira wa kikapu, ule ambao kwetu tunauita basket tu, nami nilikuwa yule mrefu anayekaa chini ya kikapu na kupigwa viwiko na kila mtu. Durban nzima hakuna aliyelijua hilo isipokuwa kaka mmoja wa Lubumbashi niliyesali naye. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, amepanga chumba Glenwood, na jioni alicheza na vijana wa huko. Ndiye aliyekuja saluni siku moja, akasimama mlangoni akicheka peke yake.

“Dada, iko kazi ya kuangalia batoto wanacheza basket. Siku tatu tu. Utaweza kukaa na kuangalia bila kusema kitu?”

Mwenye saluni akacheka. Mteja niliyekuwa namsuka naye akacheka, na alikuwa amenijua tangu asubuhi ile tu.

“Kuangalia nitaweza,” nikamjibu. “Hiyo ingine, tutaona.”

Kambi ilikuwa ya wanafunzi wa sekondari, wakati wa likizo. Wavulana walikuwa na watathmini wao, tena wengi. Kwa wasichana, mkuu wa kambi alitaka walau mwanamke mmoja aliyewahi kucheza, na alikuwa ametafuta hakupata. Tena mwaka ule upande wa wasichana ulikuwa na jambo lake. Shule moja ya bweni huko Morningside ilikuwa imesema itamchukua msichana mmoja kutoka kambini, imlaze, imlishe, imsomeshe mpaka amalize, ili iwe na timu. Nafasi ilikuwa moja, na kila msichana aliyeingia ukumbini asubuhi ya kwanza aliijua. Ungeona walivyofunga kamba za viatu, wanafunga, wanafungua, wanafunga tena.

Mkuu mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo, Mhindi wa pale pale Durban, mwenye tumbo la kuheshimika na filimbi isiyotoka mdomoni. Aliongea nayo. Alicheka nayo. Alipokunywa chai aliisogeza pembeni kwa ulimi, akapitisha kikombe upande wa pili. Wote tulimwita Kocha. Alitukusanya, mimi na yule kaka, akatupa kila mmoja ubao wa kuandikia na karatasi, akatueleza sheria ya kazi.

“Mtathmini hafundishi,” alisema. “Ukiona kosa, andika. Ukiona zuri, andika. Lakini usimwambie mchezaji neno la kumsaidia, maana wengine hawana wa kuwasaidia. Tunaangalia kilichopo, hatuongezi kitu.”

Nikaapa. Kaka akanitazama kwa jicho la pembeni, nami nikajifanya sikumwona. Kisha Kocha akatuonyesha chumba cha walimu, kwamba humo kuna chai na biskuti, tujihudumie. Tulichukua vikombe, tukaenda kunywea barazani, kama kawaida yetu sisi wageni.

Sakafu ya ukumbi ule ilikuwa ya mbao, na juu yake mistari ya kila rangi, kwa kuwa shule za huko huchezea michezo yote mahali pamoja. Ya njano ilikuwa ya basket. Nyeupe nilidhani ni ya voliboli. Ilikuwepo pia nyekundu, na buluu, na kijani iliyofifia, nayo sikujua ni ya nini wala sikujali. Mtu ukishajua mistari yako, mingine huioni tena.

Msichana niliyemkodolea macho alivaa namba kumi na tisa. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, nywele zimenyolewa fupi kama wanafunzi wengi, na raba ambazo zilikuwa zimeshachezewa na mtu mwingine kabla yake. Pasi yake ya kwanza ilinifanya niinuke kitini. Haikuwa ya nguvu, lakini mpira ulifika mahali ambapo mwenzake alikuwa bado hajafika, ukamkuta mkononi. Nikamwambia kaka, huyo ni mtu. Nikashika kalamu.

Kalamu ikabaki hewani. Kwa maana baada ya pasi ile mambo yakaanza kunichanganya. Walipoambiwa wakimbie wakidunda mpira, mpira ulimponyoka kama kuku wa kuchinjwa. Alipopokea mpira katikati ya mbio, alisimama pale pale mguu ulipotua, kama aliyepigiliwa msumari, na hakusogea tena hata hatua moja. Alipomlinda mwenzake alijitenga naye hatua nzima, mikono juu, bila kumgusa. Na kubwa kuliko yote, alipokimbia kuelekea kikapuni akiwa huru kabisa, njia nyeupe, hakuna mtu mbele yake, alifika mahali fulani akafunga breki. Akatafuta wa kumpa. Kila mara, mahali pale pale, kana kwamba kuna ukuta wa kioo anaouona yeye peke yake.

“Anaogopa kugongwa,” kaka akasema. “Wako wengi vile.”

Mimi nawajua wanaoogopa. Kwenye klabu yetu walikuwepo, na mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mmoja wao. Anayeogopa hupandisha mabega, hufumba macho kidogo mpira unapokuja, hucheka ovyo akikosa. Huyu uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu anayepika chakula alichokipika miaka. Alifika kwenye ukuta wake, akasimama, akatoa pasi, akarudi zake kulinda. Sikuona aibu wala wasiwasi. Sikuelewa, na nikiwa sielewi kitu nakuwa kama mwenye upele.

“Sasa huyu mutoto anaogopa nini pale?” nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili changu cha Bukavu. Ndiyo raha ya lugha yako ugenini, unaweza kumsema mtu mbele yake na asijue.

Mpira ulikuwa umetoka nje, umebingirika mpaka miguuni mwangu. Namba kumi na tisa aliinama kuuokota.

“Siogopi, tantine,” akasema kwa Kiswahili, akiniita shangazi kwa Kifaransa kama watoto wa kwetu. “Ni sheria.”

Akarudi mchezoni akikimbia. Kaka akacheka hadi Kocha akageuka kututazama.

“Umekamatwa, dada,” akaniambia. “Leo umekamatwa kabisa.”

Sheria gani? Naijua sheria ya basket tangu nina miaka kumi na miwili, na hakuna inayomkataza mtu kwenda kufunga. Nilisubiri chakula cha mchana kama mwenye njaa. Wasichana waligawiwa bunny ya maharagwe, ule mkate uliotobolewa ukajazwa mchuzi, wakaenda kukaa juani nje. Kuzungumza nao wakati wa chakula hakukukatazwa. Nilimfuata.

Alikuwa Mrundi wa Bujumbura. Alikuja Durban akiwa bado shule ya msingi, pamoja na mama yake mdogo, na sasa waliishi Bluff, upande wa bandarini, chumba kimoja yeye na mama mdogo na watoto wa mama mdogo. Shuleni kwao hapakuwa na basket. Mwalimu wake alimtuma kambini kwa sababu ya urefu tu, akamwambia ajaribu bahati.

“Na kama bahati haiko?” nikauliza. Nilivyo na mdomo.

Alichovya kipande cha mkate kwenye mchuzi. “Mwezi wa kwanza naenda Johannesburg. Iko binamu ya mama mdogo, amezaa mapacha, anatafuta mtu wa kukaa nao. Mama mdogo anasema nimesoma ya kutosha. Si kwamba ni mubaya, tantine. Chumba ni kidogo.”

“Na shule?”

“Iko hapa,” akasema, akionyesha ukumbi kwa kidevu. “Nikipata ile ya Morningside, nasoma. Nisipopata, nalea mapacha.”

Alisema bila kuomba huruma, akaendelea kutafuna. Nilijiona nimekaa pale na ubao wangu wa kuandikia, nimekuja kustarehe kidogo mbali na saluni, na kumbe karatasi yangu mimi ndiyo itamweka huyu darasani au jikoni kwa watu. Niliogopa kweli. Nikataka kumwuliza ile sheria ni ipi, lakini filimbi ikapigwa, naye akaruka kabla sijamaliza kuuliza. Mtoto yule alikuwa anaitikia filimbi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Jioni wasichana walipoondoka, nilibaki. Nilikwenda mpaka mahali pale anaposimama, nikainama, nikapiga magoti, nikaanza kufuata mistari kwa kidole. Ya njano ilipita mbali. Nyeupe haikufika. Lakini ile ya kijani iliyofifia, ambayo nilikuwa nimeikanyaga siku nzima bila kuiona, ilizunguka mbele ya kikapu kama nusu ya sahani, na ukingo wake ulikuwa hapo hapo, penye ukuta wake wa kioo. Nikavuka kwa magoti mpaka upande wa pili wa ukumbi. Hata huko ilikuwepo. Kila mtu mle ndani alikuwa anacheza ndani ya mistari ya njano, na msichana mmoja alikuwa anacheza ndani ya kijani.

“Umepoteza hereni?” Kocha aliuliza juu ya kichwa changu.

“Huu mstari wa nini?”

“Netiboli,” akasema. Aliponiona sielewi, alicheka mpaka filimbi ikatoa mlio kidogo. “Kweli hujui netiboli? Kwenu wasichana wanacheza nini?”

Akanieleza palepale, nami bado nimepiga magoti. Kwamba ni mchezo wa wasichana wa nchi hii yote. Mpira haudundwi. Ukiudaka, husogei nao, unautoa upesi. Anayekulinda lazima awe mbali nawe hatua moja, akikukaribia ni kosa, akikugusa ni kosa. Na kila mchezaji ana herufi kifuani inayomwambia ni wapi anaruhusiwa kuingia na wapi haruhusiwi. Yule wa katikati anakwenda kila mahali isipokuwa ndani ya nusu duara ile. Akitia mguu humo, filimbi.

“Kumi na tisa ni mchezaji wa katikati,” akamalizia. “Nilijua kabla hajashika mpira mara ya pili. Mzuri sana. Lakini mimi sichukui watu wa netiboli. Nimejaribu. Inawaingia mwilini, siku tatu haziitoi, hata miaka mitatu. Eish, inasikitisha.”

Kwa hiyo alijua! Nilikasirika, na papo hapo nikafurahi sana, hisia zote mbili kwa pamoja. Nilikasirika kwa sababu alikuwa ameshafunga mlango kwa jambo analolijua. Nilifurahi kwa sababu fumbo langu lilikuwa limefunguka, na ndani yake nikakuta mafumbo mengine. Nilimfuata mpaka kwenye gari nikimwuliza. Anayelinda kwa mbali anazuiaje? Kwa kuruka. Anayekatazwa kusogea anaepaje? Kwa kutoa mpira kabla hujafikiwa. Aliwasha gari nikiwa bado nauliza.

Siku ya pili, mchana, nilimwomba yule msichana anifundishe netiboli uani. Mtathmini hafundishi, lakini hakuna aliyesema hafundishwi. Kaka alisimama upande akila na kunicheka.

Sijawahi kuaibika hivyo na mpira mkononi.

“Tantine, umetembea.”

“Wapi nimetembea?”

“Mguu wa nyuma. Umeukokota.” Nikajaribu tena. “Umetembea tena. Sasa umenigusa. Tantine, nyuma, nyuma, uko karibu sana.”

Miaka yangu yote chini ya kikapu nilikuwa nimeishi kwa kusukuma na kukokota miguu pale refa asipoona, na sasa mtoto ananirudisha nyuma kama mwalimu wa chekechea. Nikaanza kuona kile alichokuwa anafanya ukumbini. Kukimbia kwa nguvu zako zote na kutua kwa mguu mmoja bila kuyumba ni kazi; mimi nilianguka. Kumzuia mtu ukiwa mbali naye, kwa kumsoma macho tu na kuruka wakati ule ule anaoachia mpira, ni kazi kubwa zaidi. Alininyang'anya kila nilichorusha. Nikawaza, huyu anafanya yote haya akiwa hatua moja nyuma. Akikaribia itakuwaje? Swali hilo likaniingia na halikutoka tena.

Tulipopumzika nikamwambia, “Lakini unajua hii ya ndani ni mchezo ingine. Walikuambia siku ya kwanza.”

“Najua, tantine. Kichwa kinajua kabisa. Ni miguu. Nikifika pale, miguu inasikia filimbi hata kama haijapigwa.” Alifikiri kidogo, akacheka. “Tangu nifike hii inchi, kitu nimejifunza vizuri ni hicho. Mahali siruhusiwi kuingia.”

Nilikuwa na neno ulimini, rahisi kabisa: pale hakuna mstari, mama, ingia tu. Nililimeza. Nilikuwa nimeapa, na wale wengine kweli hawakuwa na wa kuwanong'oneza. Na niseme wazi, udadisi wangu pia ulinizuia. Ningemsukuma, ningeona nguvu zangu mimi, nami nilitaka kuona zake.

Tukaenda kunywa chai barazani. Kocha alipita na kikombe chake.

“Ndani kuna viti,” akatuambia, kama alivyotuambia jana yake.

“Hapa tuko sawa, Kocha,” tukajibu kwa pamoja.

Siku ya tatu zilichezwa mechi. Namba kumi na tisa alicheza kama alivyocheza siku zote. Alinyakua mipira ya watu kutoka mbali, akawapa wenzake pasi zilizowafanya waonekane hodari, na hakuvuka kijani hata mara moja. Kocha alikuwa akimtazama namba saba, msichana mwenye mapaja ya nguvu kutoka shule yenye uwanja wake, ambaye aliingia chini ya kikapu kama anaingia jikoni kwao. Alikuwa mzuri, sitasema uongo.

Mwisho tulikaa watatu pembeni mwa ukumbi, wasichana wamekaa juu ya mifuko yao upande wa pili wakijifanya hawatutazami.

“Saba,” Kocha akasema. “Sioni cha kujadili.”

“Mimi sina hakika,” kaka akasema.

“Namba saba ninamjua,” nikasema. “Nimemtazama siku tatu, najua atakuwa nani mwaka kesho na mwaka keshokutwa. Atakuwa hivi hivi, mwenye nguvu zaidi. Huyu mwingine sijui atakuwa nani. Wewe pia hujui, Kocha, na unasema unajua.”

“Shule haitoi nafasi kwa sababu wewe una hamu ya kujua.”

“Kwa nini isitoe? Ulisema tuangalie kilichopo. Hatujakiangalia. Tumeangalia netiboli.” Nilikuwa nimepandisha sauti, kaka akanigusa mkono. “Mtathmini hafundishi, sawa. Sheria haikusema mtathmini hachezi. Niache nicheze naye, mpira mmoja tu. Mimi chini ya kikapu, yeye aje. Asipoingia, chukua wako na mimi narudi kwenye nywele zangu.”

Kocha alinitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa kandambili.

“Mtafutieni raba,” akasema, nadhani kwa sababu alitaka kuona nikianguka.

Raba za kaka zilinizidi, nikazikaza kamba mpaka kifundoni. Nikasimama chini ya kikapu, mahali pangu pa zamani, na miguu yangu ikapakumbuka mara moja. Namba kumi na tisa akapewa mpira mbali, kwenye mstari wa katikati. Aliambiwa jambo moja tu, afunge. Wasichana waliinuka kutoka kwenye mifuko yao. Hata wavulana waliacha mpira wao wakaja mlangoni.

Alikuja akidunda mpira vibaya, akafika kwenye kijani, akafunga breki. Mguu ukatua, ukaganda. Akainua mpira juu ya kichwa na macho yake yakaanza kutafuta wa kumpa, kushoto, kulia, na hapakuwa na mtu. Ndipo nilipoona hofu usoni mwake kwa mara ya kwanza. Muda wake wa kushika mpira ulikuwa unapita, na kila kilichomo mwilini mwake kilimwambia autoe. Nilisaga meno nisiseme neno. Nilisema moyoni, Mungu wangu, ingia, ingia.

Akainua mguu mmoja, akauvusha kijani, akauweka chini polepole kama mtu anayepima maji. Kisha akasimama hivyo, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Wala hakunitazama mimi. Nikafuata macho yake, yakanipeleka kwa Kocha. Alikuwa anaitazama filimbi.

Kocha naye aliona. Nilimwona akiona. Akaitoa ile filimbi mdomoni, akaifuta kwenye shati, akaitia mfukoni. Kwa siku tatu sikuwa nimewahi kuuona mdomo wake mzima.

Hapo akaja. Kudunda alikusahau kabisa. Aliukumbatia mpira, akanipiga bega kifuani, nikaenda chini kwa makalio mbele ya kambi nzima. Akaurusha ubaoni ukarudi, akaudaka juu ya kichwa changu, akaurusha tena, ukarudi tena, na wa tatu ukaingia. Alitua ndani kabisa ya nusu sahani ile, akatazama chini alipokanyaga, akaweka mkono mdomoni. Wasichana walipiga kelele hadi mbao za sakafu zikatetemeka. Namba saba alikuwa miongoni mwao, anapiga kelele na wenzake.

Kocha alipeleka mkono mdomoni kutafuta filimbi, akakumbuka iko mfukoni, akaacha.

“Hakuna alichofanya hapo kilicho halali,” akasema. “Hakuna hata kimoja.” Alikuwa anacheka huku anatikisa kichwa. Halafu akaacha kucheka, akamtazama msichana kwa muda. “Akiwa karibu hivyo,” akasema, nusu kwetu na nusu kwa nafsi yake, “na anaruka vile.” Akachukua kalamu.

Namba saba alilia alipoambiwa, nami nilimwonea huruma sana, kwa sababu hakukosea lolote. Kocha alimpa nafasi kwenye timu ya mkoa, lakini hiyo si shule. Nimemfikiria mara nyingi. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba tulimtendea haki.

Mwezi wa kwanza, siku ya kuripoti, mama mdogo hakupata ruhusa kazini, akaniomba nimsindikize mtoto. Tulipanda taksi, yale mabasi madogo ya huko, mpaka mjini, tukapanda nyingine kwenda juu Morningside, yeye na sanduku, mimi na ndoo yenye sahani, shuka na sabuni. Jua lilikuwa kali. Getini palikuwa na magari ya wazazi yamepanga foleni, na mlinzi alikuwa anapungia watu mkono wapite, wapite. Msichana alikuwa amevaa soksi ndefu na sweta lililomzidi.

Aliingia. Alipita geti akiburuza sanduku kwenye kokoto, kichwa juu, akapishana na mama mmoja mwenye kofia, akaendelea. Nilimtazama nikafurahi hadi macho yakaniuma. Nikaweka ndoo chini pembeni ya nguzo.

“Nenda, mama,” nikamwambia. “Mtu atakuja kuchukua ndoo. Mi nakungojea hapa.”

Alisimama, akageuka. Hakuna aliyenizuia, mlinzi alikuwa ameshanipungia mkono na sasa anashughulika na gari lingine. Msichana alinitazama, kisha akatazama miguu yangu, nami nikaitazama. Chuma cha kutelezeshea geti kilipita ardhini mbele ya vidole vyangu, na vidole vilikuwa vimejipanga nyuma yake sawasawa, hakuna hata kimoja kilichogusa.

Aliacha sanduku katikati ya njia, akarudi mpaka pale, akaanza kucheka.

“Tantine, ingia,” akasema. “Filimbi haiko.”

Nikachukua ndoo yangu, nikaingia.